Mji wa Rochdale na Duka la Toad Lane



Kitabu cha ukumbusho wa miaka kumi aghalabu hujaa picha za viongozi, hesabu za misimu na majina ya vyama vya msingi. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Kurasa hizi chache tumepewa na Halmashauri ili tueleze habari za mji mmoja wa Uingereza ambao jina lake hutajwa katika kila darasa la ushirika, na ambao wengi wetu tumeukariri pasipo kuufahamu. Mji huo ni Rochdale. Kila karani aliyehudhuria mafunzo ya wiki mbili aweza kusema kwamba katika mwaka 1844 watu 28 walifungua duka huko. Lakini watu hao walikuwa nani, walifanya kazi gani, kwa nini waliogopa mkopo kama maradhi, na mambo gani yaliwapata walipokwisha kuwa na mali, hayo hayasemwi sana. Nasi twaona kwamba sehemu hiyo isiyosemwa ndiyo yenye faida zaidi kwa chama kilichokwisha kutimiza miaka kumi.

Rochdale uko kaskazini ya Uingereza, yapata maili kumi kutoka Manchester, chini ya milima ya Pennine. Tangu zamani ulihesabiwa kuwa mji wa Lancashire, ingawa tangu mwaka 1974 umewekwa ndani ya jimbo la Greater Manchester. Mto mdogo uitwao Roch hupita katikati yake. Mvua ni nyingi, jua ni haba, na ardhi ya vilimani haifai sana kwa nafaka. Yafaa kwa kondoo. Kwa sababu hiyo watu wa huko kwa karne nyingi walisokota na kufuma sufu majumbani mwao, na kitambaa chao kilichojulikana zaidi kilikuwa kile cha sufu laini kiitwacho flannel. Neno letu fulana limetokana na jina la kitambaa hicho, kwa hiyo wako wakulima wengi ambao wamevaa habari za Rochdale kifuani bila kujua.

Baadaye iliingia pamba. Mfereji wa maji wa kupitisha mashua, uliovuka milima kutoka Manchester, ulifunguliwa mwaka 1804, na mwaka 1841 reli ya Manchester na Leeds ikakamilika. Pamba yenyewe haikulimwa Uingereza hata ratili moja. Ililimwa Marekani na watumwa, ikashushwa katika bandari ya Liverpool, kisha ikapandishwa mpaka kwenye viwanda vya kusokotea vilivyojengwa kando ya kila kijito. Jambo hilo tutalirudia, maana siku moja liliusimamisha mji mzima.

Maisha ya wafumaji wa siku zile twayajua kutoka kwa wenyewe, kwa sababu wako walioandika kumbukumbu zao. Aliye bora kati yao, kwa maoni yetu, ni Samuel Bamford wa Middleton, kijiji kilicho kati ya Rochdale na Manchester. Alizaliwa mwaka 1788, akawa mfumaji, akafa mzee sana mwaka 1872. Katika kitabu chake cha habari za utotoni alieleza jinsi alivyokuwa akifuatana na mjomba wake kupeleka nguo zilizokwisha kufumwa kwa tajiri huko Manchester. Walikwenda kwa miguu, mzigo begani. Walipofika ghalani walikaa kungoja zamu. Ofisa wa tajiri alikifungua kitambaa, akakipima, akakikagua mahali kwa mahali, na alipoona kosa alikata sehemu ya ujira. Kisha wakapewa nyuzi za kazi mpya na fedha zao, wakaenda kupata chakula, wakarudi nyumbani pamoja na majirani waliokuwa na shughuli iyo hiyo.

Mwanachama aliyepata kuketi kivulini mwa ghala, akingoja karani aamue kama pamba yake ni safi au fifi, hatahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Mfumaji alikuwa na kitanda chake cha kufumia na nyumba yake, akajiona ni mtu huru. Lakini nyuzi zilikuwa za tajiri, mizani ilikuwa ya tajiri, na bei ilikuwa ya tajiri. Mashine za kufuma kwa nguvu za mvuke zilipoenea, ujira wa mfumaji wa mkono ulishuka mwaka hata mwaka. Watu hao walidai pia haki ya kupiga kura, ambayo hawakuwa nayo. Tarehe 16 Agosti 1819 Bamford aliwaongoza watu wa Middleton, wake kwa waume, wamevaa nguo zao za Jumapili, mpaka uwanja wa St Peter's huko Manchester, na watu wa Rochdale walikwenda vilevile. Askari wapanda farasi waliuvamia mkutano ule kwa panga. Watu wapatao 18 walikufa na mamia wakajeruhiwa. Bamford mwenyewe alifungwa gerezani mwaka mmoja. Twalitaja jambo hili kwa kuwa baadhi ya wazee wa Rochdale walioanzisha duka walikuwa watoto au vijana siku ile, nao walikua wakisikia habari zake.

Sasa tuje kwenye deni. Mfumaji alilipwa kazi ilipokwisha, lakini watoto hula kila siku. Kwa hiyo alikopa dukani. Mwenye duka aliandika katika daftari lake, na mtu aliyeandikwa daftarini hawezi kulalamika juu ya uzito wala ubora. Unga ulitiwa chokaa na shabu uonekane mweupe. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa yakauzwa mara ya pili. Wako matajiri wa viwanda waliokuwa na maduka yao, wakawalipa wafanyakazi kwa bidhaa badala ya fedha. Sheria ya mwaka 1831 iliwakataza, ila katika vijiji vya mbali desturi hiyo haikukoma upesi.

Yafaa ikumbukwe kwamba duka la mwaka 1844 halikuwa la kwanza. Wafumaji wa Fenwick katika Uskochi walikuwa wakinunua vyakula kwa pamoja tangu karne ya 18. Huko Rochdale kwenyewe kilikuwako chama cha mwaka 1830, na mwaka 1833 kilifungua duka katika njia iyo hiyo ya Toad Lane, nyumba namba 15. Duka hilo lilikufa mwaka 1835. Halikuibiwa wala halikuchomwa moto; liliuza kwa mkopo kwa wanachama wake, wanachama hawakulipa, basi. Charles Howarth, ambaye baadaye aliandika kanuni za duka jipya, alikuwa mmoja wa watu wa duka lile lililokufa. Twaamini kwamba ukali wa kanuni zake ulitokana na hapo. Mtu aliyezika duka moja hufungua la pili kwa tahadhari.

Mwaka 1844 wafumaji wa Rochdale walikuwa wameomba nyongeza ya ujira wakashindwa. Wengine wakasema wahamie nchi za ng'ambo, wengine wakasema wangoje haki ya kura, na wengine, wachache, wakasema waanze na chakula. Hao wachache walikubaliana kuchanga peni mbili kila wiki. Watu wenye kazi za kudumu hutabasamu wasikiapo peni mbili. Lakini watoza michango walitembea nyumba kwa nyumba kila mwisho wa wiki, na ilikuwa ni miezi mingi kabla ya kutimia pauni 28. Chama kiliandikishwa tarehe 24 Oktoba 1844 kwa jina la Chama cha Watangulizi wa Haki wa Rochdale.

Desturi ni kusema kwamba wote walikuwa wafumaji wenye njaa. Sivyo hasa. Wafumaji walikuwamo, kama William Cooper aliyekuwa mtunza fedha, na Samuel Ashworth, kijana wa miaka kumi na tisa aliyefanywa muuzaji. Lakini James Smithies alikuwa mchambuzi wa sufu, Howarth alifanya kazi kiwandani, na walikuwamo mafundi wa viatu na wa mbao. Hata hesabu ya 28 yenyewe huonekana tofauti kidogo katika orodha hii na ile. Walikuwa watu wa kazi waliokuwa wamezoea mikutano, kuandika kumbukumbu na kubishana juu ya kanuni. Baadhi walimfuata Robert Owen, baadhi walidai haki ya kura, baadhi walikuwa watu wa kanisa. Kwa fikira zetu hilo ndilo lililowafaa kuliko umaskini wao, kwa maana maskini wamekuwako pahali pote na kila wakati, na maduka kama lile ni machache.

Walipata chumba cha chini cha ghala kuukuu, namba 31 Toad Lane, kwa pauni 10 kwa mwaka. Ukitafsiri jina la njia hiyo utasema Njia ya Chura, na wageni wengi huuliza vyura walikuwa wapi. Wenyeji husema kwamba hapakuwa na chura. Ni matamshi ya Lancashire tu, wao wakisema Njia ya Zamani katika lahaja yao, na wachora ramani wakaandika walichosikia. Mwenye nyumba hakukiamini chama kisicho na mtu wa kudaiwa. Alikubali Howarth alipojitoa awe mpangaji kwa jina lake mwenyewe na kulipa kila miezi mitatu kabla ya kukaa.

Duka lilifunguliwa Jumamosi usiku, tarehe 21 Desemba 1844, katika siku zile ambazo huko kaskazini jua hutua kabla ya saa kumi alasiri. Bidhaa zote zilikuwa ratili 28 za siagi, ratili 56 za sukari, ratili 672 za unga wa ngano, gunia moja la unga wa oti, na mishumaa. Meza ilikuwa ubao uliolazwa juu ya mapipa. Wenye maduka wa mtaa walisimama kutazama, na watoto wa viwandani walipiga kelele na kucheka mbele ya mlango. George Jacob Holyoake, aliyeandika habari za chama hicho katika miaka ya 1850 baada ya kuongea na wenyewe, alisema kwamba wanachama waliokuwa ndani walisitasita nani afungue madirisha, kwa jinsi walivyoona haya. Mwanzoni duka lilifunguliwa jioni mbili tu kwa wiki, Jumatatu na Jumamosi, kwa kuwa wauzaji walikuwa kazini mchana.

Kanuni zao zimeandikwa katika vitabu vyote vya mafunzo, hatutazirudia zote. Fedha taslimu, pasipo mkopo hata kwa mwenyekiti. Uzito kamili na bidhaa safi. Mtu mmoja kura moja, awe na hisa moja au hisa hamsini. Hisa zilipata riba yenye kipimo, na faida iliyobaki iligawanywa kwa kadiri kila mtu alivyonunua dukani, jambo ambalo halikuwa jipya kabisa, ila wao walilishika bila kuliacha. Tangu mwaka 1853 walitenga sehemu mbili na nusu katika kila mia ya faida kwa elimu: chumba cha magazeti, maktaba, na hata vyombo vya kutazamia nyota ambavyo mwanachama aliweza kuviazima kwa jioni moja. Twakiri kwamba tulipoisoma habari hiyo ya vyombo vya nyota tuliona wivu.

Habari moja haitajwi vya kutosha, nayo ni ya wanawake. Mpaka mwaka 1870 sheria ya Uingereza ilimpa mume mali ya mkewe, hata ujira alioutolea jasho. Watangulizi waliwaandikisha wanawake kwa majina yao wenyewe tangu miaka ya kwanza. Holyoake aeleza kwamba wake wengi walijiunga ili fedha zisiishie kilabuni, na kwamba mume hakuweza kuzitoa fedha za mkewe pasipo mke kutia sahihi. Katika vyama vyetu vya msingi wako wanawake ambao hulima pamba, huivuna, huibeba mpaka ghalani, kisha stakabadhi huandikwa jina la mume. Tutafurahi ikiwa mkutano mkuu ujao utalitazama jambo hilo.

Chama kilikua polepole. Mwisho wa mwaka 1845 wanachama walikuwa 74 na mauzo ya mwaka yalikuwa pauni 710. Mwaka 1848 walikuwa 140. Kisha katika mwaka mmoja wakaruka wakawa 390, na mauzo yakafika pauni 6,611. Sababu ya mruko ule haikuwa hotuba nzuri. Mnamo Novemba 1849 benki ya akiba ya Rochdale ilianguka. Ofisa aliyeitunza, mtu mwenye heshima mjini, alipofariki ilionekana kwamba maelfu ya pauni ya akiba za watu wadogo yalikuwa yametumika katika shughuli zake mwenyewe. Watu waliojinyima miaka mingi walipata sehemu tu ya haki yao. Ndipo wengi walipogeuka kuwatazama wale wa Toad Lane, ambao hesabu zao zilisomwa hadharani kila baada ya miezi mitatu, na kila mwanachama aliweza kusimama na kuuliza. Uaminifu wa mtu mmoja, hata awe mcha Mungu, haukutosha tena, walitaka daftari.

Mwaka 1850 Watangulizi na vyama jirani walianzisha kinu cha kusagia ngano. Hapa walipata somo chungu. Msagaji hakuijua kazi sawasawa, ngano iliyonunuliwa ilikuwa hafifu, na unga ukatoka mbaya. Tena, walikuwa wameapa kutotia chochote cha kuufanya mweupe, na wanachama wenyewe, waliozoea unga uliotiwa shabu, wakanung'unika kwamba unga wa chama ni wa rangi ya udongo. Wengine wakanunua kwingine kwa siri. Hasara ikafika mamia ya pauni, na watu wakaanza kuja kutoa hisa zao. Kinu kiliokoka kwa sababu viongozi walimwondoa msagaji, wakaeleza hasara yote mkutanoni pasipo kuficha, na duka likaendelea kununua unga wa kinu chake. Baada ya miaka michache kilikuwa kikileta faida.

Lakini mambo yaliyotukia katika kiwanda cha pamba hayakwisha vizuri, na twaomba wasomaji wetu watuvumilie tuyaeleze kwa urefu, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya.

Mwaka 1854 baadhi ya viongozi wa Watangulizi walianzisha chama kingine cha kusokota na kufuma pamba. Walianza katika vyumba vya kupanga, kisha wakajenga kiwanda chao mahali paitwapo Mitchell Hey. Kanuni yao ilikuwa kwamba faida igawanywe kati ya hisa na kazi: mwenye hisa apate sehemu yake, na mfanyakazi wa mashine, hata asiye na hisa, apate sehemu kwa kadiri ya ujira wake. Hilo ndilo lililokuwa shabaha ya wale wazee tangu mwanzo. Duka la siagi na mishumaa lilikuwa ngazi tu. Kiwanda kilifanikiwa. Na kwa kuwa kilifanikiwa, watu wenye fedha walinunua hisa, wengi wao hawakuwa wafanyakazi wa pale wala hawakuwa na haja ya ushirika. Kila mwaka wingi wao uliongezeka mkutanoni. Wakauliza: kwa nini tumpe mfanyakazi sehemu ya faida ilhali amekwisha kulipwa ujira? Jaribio la kuifuta kanuni lilishindwa mwaka 1860, kwa kuwa lilihitaji robo tatu ya kura. Mwaka 1862 walizipata. Kanuni ikafutwa kwa kura halali, katika mkutano halali, kwa kufuata utaratibu wote, na kiwanda kikawa kampuni kama kampuni nyingine. Wazee wa Toad Lane walipinga, wakashindwa.

Tofauti kati ya kinu na kiwanda ni ya kutazamwa. Kinu kilikaribia kufa kwa hasara, kikaokolewa na wanachama. Kiwanda kilipotezwa na faida. Chama chetu kikuu katika miaka hii kumi kimeona hasara, nasi tumezoea kuizungumza. Kwa sasa inapozungumzwa habari ya kupata kiwanda cha kuchambulia pamba, na wako watu wa nje ya vyama vya msingi walio tayari kuweka fedha zao, twaona ni haki wajumbe waijue habari ya Mitchell Hey kabla ya kupiga kura.

Mwaka huo huo wa 1862 ulikuwa mgumu kwa Rochdale kwa sababu nyingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza Marekani mwaka 1861, bandari za majimbo ya kusini zikafungwa na manowari za kaskazini, na pamba ikakoma kuja. Viwanda vya Lancashire vikasimama. Ilipofika mwisho wa mwaka 1862 karibu watu nusu milioni katika jimbo hilo walikuwa wakila kwa msaada. Pamba ya India iliyoletwa badala yake ilikuwa na nyuzi fupi zilizokatika mashineni, na wasokotaji waliichukia. Wanachama wa Watangulizi walipungua kutoka 3,900 hadi 3,501. Mwaka uliofuata wakawa 4,013. Wengi waliishi kwa akiba zao za dukani. Walakini jambo la kustaajabisha ni kwamba wafanyakazi wengi wa Lancashire hawakutaka manowari zile ziondolewe. Tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi walikutana Manchester wakamwandikia Rais Lincoln kumuunga mkono dhidi ya utumwa, naye akawajibu mwezi Januari 1863. John Bright, mbunge mashuhuri mzaliwa wa Rochdale, ambaye jamaa yake walikuwa na viwanda vya pamba, alisimama upande huo huo. Mwezi Februari meli iitwayo George Griswold ikafika Liverpool kutoka New York imejaa unga kwa ajili ya wenye njaa.

Vita hivyo vilifika hata pwani yetu. Kitambaa tulichokiita merikani kilikuwa kikiletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Kilipoadimika, nguo za Manchester na za Bombay ziliingia mahali pake. Na hofu ya kutegemea nchi moja kwa pamba haikuwatoka matajiri wa Lancashire. Mwaka 1902 waliunda huko Manchester chama cha kuendeleza kilimo cha pamba katika makoloni, na mbegu zikagawanywa Uganda kuanzia miaka iliyofuata. Hivyo pamba yetu ya Afrika Mashariki na ule ushirika wa Toad Lane vilitoka katika vilima vivyo hivyo, kimoja kikiletwa na matajiri na kingine na wafanyakazi wao.

Ushirika wenyewe ulikuja kwa njia ya kuzunguka. Twapenda kusema Rochdale ni mama wa ushirika wote, ila duka lao lilikuwa la walaji wanunuao, na sisi ni wakulima tuuzao. Kwa mambo mengi twafanana zaidi na vyama vya vijijini vya Raiffeisen huko Ujerumani na wafugaji wa Denmark waliounganisha maziwa yao. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1932 ilitanguliwa na sheria ya India ya mwaka 1904, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakawa na chama kikuu chao. Katika miaka ya 1950 vijana wetu walianza kupelekwa Loughborough kusoma mambo ya ushirika, miongoni mwao Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Wale waliokuwa na hisa siku zile hawakuulizwa.

Tena, kanuni ya kutokopa imegeuka kichwa chini miguu juu kwetu. Rochdale waliogopa chama kumkopesha mwanachama. Katika chama cha wakulima, mwanachama aletaye pamba akapewa stakabadhi na kuambiwa angoje, yeye ndiye anayekikopesha chama. Howarth angalikuwa hai na kuketi katika halmashauri yetu, twadhani angaliuliza kwanza stakabadhi ngapi hazijalipwa.

Sisi tuandikao haya tulipata kufika Rochdale. Kutoka Manchester ni mwendo mfupi wa gari moshi. Jumba la mji, lililofunguliwa mwaka 1871 siku za utajiri wa pamba, ni kubwa na la fahari hata laweza kudhaniwa kanisa kuu. Viwanda vingi vimebomolewa au vimefanywa maghala na nyumba za kukaa. Pamba haisokotwi tena. Watu wa asili ya Pakistani waliokuja miaka ya 1950 na 1960 kufanya zamu za usiku viwandani wamebaki pamoja na wajukuu wao, na tulikula pilau nzuri karibu na kituo. Mto Roch, uliokuwa umefunikwa kwa saruji katikati ya mji tangu mwanzo wa karne ya 20, umefunuliwa tena mwaka 2016, na daraja la zamani laonekana.

Nyumba namba 31 ingali imesimama. Watangulizi waliiacha walipojenga duka kubwa mwaka 1867, ikapitia mikono mingine, mpaka wanaushirika wakainunua mwaka 1925 na kuifanya makumbusho mwaka 1931. Chumba ni kidogo kuliko ghala la chama chochote cha msingi katika eneo letu. Iko mizani, uko ubao juu ya mapipa. Mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa akitembeza wageni alitwambia kwamba mama yake alimfundisha namba ya uanachama kabla ya kumfundisha kuhesabu mpaka mia, kwa kuwa mtoto aliyetumwa dukani akasahau namba alipoteza gawio la nyumba nzima. Alitutajia namba hiyo papo hapo, pasipo kufikiri.

Kitabu cha Holyoake juu ya Watangulizi kimo katika kabati la vitabu ofisini kwetu, kwa lugha ya Kiingereza. Mwanachama yeyote aweza kukiazima kwa siku kumi na nne, kwa kutia sahihi katika daftari la karani.